Kwa Baiskeli Hadi Malindi, Kaskazi Ikinipiga Usoni

Msomaji, ikiwa unadhani safari ya Mombasa hadi Malindi ni nyepesi kwa kuwa ni ya pwani, panda baiskeli uone. Kwa gari ni kilomita 120 hivi za kusinzia. Kwa baiskeli, kila kilima hukuita kwa jina.

Niliondoka Mombasa saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi wa Januari, peke yangu, nikavuka daraja la Nyali matatu zikiwa bado chache. Kosa langu la kwanza lilikuwa mwezi wenyewe. Kuanzia Disemba hadi Machi, kaskazi huvuma kutoka upande ule ule niliokuwa nikiuendea. Manahodha wa majahazi waliingojea iwalete huku kutoka Arabuni, kisha wakangoja kusi iwarudishe. Mimi, mwenye diploma yangu, nilikwenda kupigana nayo kwa kanyagio.

Mtwapa nilikunywa chai. Vipingo ni mkonge, mkonge tena, na kivuli hakuna hata cha kumfaa kunguru. Nilifika Kilifi saa sita. Ukifika hapo, shuka usimame darajani. Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka wa 1991 watu walivuka kwa feri. Leo unatazama mashua zikielea chini kabisa kwenye maji ya buluu, na miguu yako inapata kisingizio cha kupumzika.

Saa kumi kasoro, tairi la nyuma likapata pancha. Solusheni niliyobeba ilikuwa imekauka. Nikaisukuma baiskeli kwa zaidi ya saa nzima, na karibu na Matsangoni nikamwona mama mmoja akisuka makuti nje ya nyumba yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wamburura punda aliyekufa?"

Kabla sijajibu nilikuwa nimepewa kiti na kata ya maji. Mumewe alitoka shambani, akalitazama tairi, akalitazama jua, akasema: "Malindi haihami. Utalala hapa." Mwana wao akaenda na gurudumu kwa fundi.

Nitakueleza kweli, msomaji, niliogopa. Mwanamke peke yangu, simu imezima, na nyumbani hakuna aliyejua nilipo. Nilikaa nikihesabu milango. Baadaye ndipo nilipojua kwamba yule mzee, aliponiaga kuwa anakwenda kutazama mbuzi, alikwenda kumwarifu mzee wa kijiji kuwa ana mgeni asiyemjua. Kumbe nao walinihofia! Lakini wakati huo sufuria ya sima ilikuwa imekwisha injikwa.

Tulikula sima kwa mchunga wa nazi, na samaki mmoja wa kukaanga. Kile kipande kikubwa cha katikati kiliwekwa upande wangu. Watoto walikitazama, kisha wakatazama kwingine, kama waliofunzwa. Binti mkubwa akanipa kitanda chake na chandarua, yeye akalala mkekani.

Usingizi haukuja upesi. Nilikumbuka jioni moja ya mvua Nairobi, mtu asiyejulikana alipobisha akiomba kujikinga, nami nikamjibu kupitia dirishani. Nikawaza pia kwamba wenyeji wa Malindi walimpokea Vasco da Gama mwaka wa 1498, wakampa hata rubani wa kumfikisha Bara Hindi. Si kila mgeni aliyekaribishwa pwani hii alikuja na heri.

Asubuhi, baada ya chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha, nilitoa noti mbili. Mzee alizitazama kama mtu aliyeonyeshwa jambo la aibu.

"Hapa si hoteli, mwanangu."

Nikazirudisha mfukoni, uso ukiniwaka. Mama naye alikuwa keshafunga nazi tatu kwenye keria kwa kamba ya makumbi.

Kutoka hapo barabara ni tamu. Kushoto una msitu wa Arabuko-Sokoke, kulia Mida, na ukifika Gede usipite bila kuyaona magofu ya mji wa Waswahili ulioachwa karne ya 17. Mimi nilipita, kwa kuhofia jua. Nitarudi.

Malindi niliingia saa nne. Karani wa nyumba ya wageni alitaka kitambulisho na pesa kabla hajaitikia salamu. Nikalipa, kisha nikamwuliza niziweke wapi nazi zangu.