Sifuri ya Mtihani si Sifuri ya Mtoto

Mwezi Januari unapoelekea ukingoni, nyumba nyingi za Mbagala, Tandika, Manzese na Tegeta hukosa usingizi. Watoto waliofanya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba wanangoja matokeo, na mama anangoja pamoja nao. Zamani matokeo yalibandikwa ukutani shuleni, na aliyetaka kuyajua alikwenda kuyasoma. Siku hizi yanafunguliwa kwenye simu, na jirani anaweza kuyajua kabla mama mzazi hajamaliza kuosha vyombo.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mtoto akifaulu, baba husema, "Mwanangu huyo, kachukua akili zangu." Akifeli, maneno hugeuka: "Mtoto wako huyo, hayo ndiyo malezi yako." Naye mtoto yuko nyuma ya pazia, anasikia yote.

Akina mama wenzetu, hebu leo tujiulize swali moja: je, matokeo yale yanatuambia kweli mtoto ana akili kiasi gani? Swali hili si dogo. Tukilijibu vibaya, tunaweza kumpoteza mtoto ambaye mtihani peke yake usingempoteza.

Tukumbuke yaliyotokea mwaka 2013. Mwezi Februari mwaka huo yalitangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne uliofanyika mwaka 2012, na nchi nzima ilishtuka. Watahiniwa 240,903, yaani kama sita katika kila kumi, walipata sifuri. Waliofaulu walikuwa 126,847. Magazeti yaliandika habari za kuhuzunisha za vijana waliojiua baada ya kuyaona matokeo hayo. Serikali iliunda tume ya uchunguzi, mwenyekiti wake akiwa Profesa Sifuni Mchome. Mwezi Mei ikatangazwa bungeni kwamba matokeo yale yamefutwa, na Baraza la Mitihani likaagizwa kuyapanga upya kwa utaratibu uliotumika mwaka 2011, kwa kuwa utaratibu mpya wa mwaka 2012 ulikuwa umeanza kutumika bila maandalizi ya kutosha. Yalipotoka matokeo mapya, waliofaulu walikuwa 159,747, na wenye sifuri walikuwa 210,846.

Tutulie hapo kidogo. Hakuna mtoto aliyerudi darasani, wala hakuna aliyefanya mtihani upya. Majibu yalikuwa yale yale, kwa mwandiko ule ule. Kilichobadilika ni kipimo walichotumia wakubwa. Hata hivyo watoto wapatao 30,000 walitoka kwenye kundi la sifuri. Je, akili iliwaingia usiku wamelala? Na yule aliyeitwa mjinga mbele ya wadogo zake mwezi Februari, ni nani aliyemrudishia heshima yake mwezi Mei?

Tena tujifunze kuyasoma matokeo yenyewe, maana wengi wetu huangalia daraja tu, basi. Kwa utaratibu unaotumika sasa, alama 30 hadi 44 katika somo ni D, na chini ya 30 ni F. D ina pointi 4 na F ina pointi 5. Huchukuliwa masomo saba ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi, pointi zake zikajumlishwa. Mwenye pointi 26 hadi 33 yuko daraja la nne. Mwenye 34 au 35 amepata sifuri.

Sasa tuwachukue watoto wawili wa dawati moja. Wa kwanza amepata alama 30 katika masomo mawili, na alama 10 katika kila somo kati ya matano yaliyobaki. Ana D mbili na F tano, pointi 33, yuko daraja la nne. Wa pili amepata alama 44 katika somo moja, na alama 29 katika kila somo kati ya sita yaliyobaki. Ana D moja na F sita, pointi 34, ni sifuri. Lakini tukijumlisha alama zenyewe, wa daraja la nne ana 110 na wa sifuri ana 218! Huyu wa pili angeongeza alama moja tu katika somo moja, tungempongeza. Kwa alama moja hiyo, ndiyo tumwambie hana akili?

Wala hatusemi kwamba mtihani ni upuuzi. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunajua kwamba asiyeweza kugawanya hesabu hawezi kuaminiwa kupima dozi ya mtoto mchanga. Kufanya kazi kwa bidii na kufaulu ni jambo jema, na mtoto mvivu aambiwe ukweli. Tunachosema ni kwamba mtihani ni kama kipimajoto. Kipimajoto hutuambia homa ipo, lakini hakituambii kama ni malaria, ni kichomi au ni kidonda kilichooza. Hakuna muuguzi anayesoma kipimajoto kisha akamgombeza mgonjwa. Hutafuta chanzo.

Na vyanzo vya kufeli ni vingi. Kuna mtoto asiyeona vizuri ubaoni, ananakili makosa kila siku, na hakuna aliyempeleka kupimwa macho. Kuna ambaye masikio yake yalitoa usaha tangu utotoni, sasa husikia nusu ya anayosema mwalimu. Kuna mwenye minyoo na upungufu wa damu, ambaye saa nne asubuhi tayari anasinzia, nasi tunasema ni mzembe. Kuna mwenye selimundu, ambaye maumivu humtoa darasani mara kwa mara. Kuna binti anayekosa vipindi kila mwezi kwa sababu hana cha kujisitiri akiwa hedhini. Na kuna yule anayeamka alfajiri kusaidia kuchoma maandazi, akapigania daladala, akafika shuleni amechoka kabla ya kipindi cha kwanza.

Tuongeze na lugha. Watoto wetu wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo yanageuka karibu yote kuwa ya Kiingereza. Mtoto akiulizwa kwa Kiswahili damu inavyotoka moyoni kwenda kwenye mapafu, ataeleza mpaka mwisho. Karatasi inapomwuliza kwa Kiingereza, hukwama kwenye swali lenyewe kabla ya kufika kwenye jibu. Hapo kilichopimwa ni nini, akili au lugha? Tukumbuke pia kwamba mpango wa sekondari ulioanza mwaka 2004 ulituletea shule nyingi za kata, nao ni msaada mkubwa kwa watoto wa maskini. Lakini majengo yalitangulia, na shule nyingi zilibaki bila walimu wa kutosha, hasa wa sayansi na hisabati.

Hata wale walioanzisha vipimo vya akili hawakukusudia kuwadharau watoto. Mwaka 1905, huko Paris, Ufaransa, Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitengeneza kipimo cha kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni. Binet mwenyewe alipinga wazo kwamba akili ya mtoto imefungwa, haiwezi kukua. Kipimo kilikuwa cha kumsaidia mtoto. Watu waliokuja baadaye ndio waliokigeuza kuwa cha kuwapanga watu juu na chini.

Nalo Neno la Mungu lina upana kuliko madaraja yetu. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, tunasoma habari za Bezaleli. Mungu alimjaza roho yake, akampa hekima na maarifa. Je, hekima hiyo ilikuwa ya kufanya nini? Ilikuwa ya kufua dhahabu, fedha na shaba, ya kukata vito na kuchonga miti. Fundi anaitwa mwenye hekima! Lakini leo mtoto anayeifungua redio mbovu na kuirudisha ikiimba tunamwambia aache michezo akasome. Tunashukuru kwamba mitaala iliyoanza mwaka 2024 imeweka mkondo wa amali katika sekondari, na kwamba mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kuacha kutaja shule bora na watahiniwa bora kitaifa. Lakini mashindano hayo yakiendelea sebuleni kwetu, mtoto hataona tofauti.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tuzungumze na baba watoto kabla matokeo hayajatoka. Tukubaliane mapema, usiku kukiwa na utulivu, kwamba yakija mabaya huyu atakuwa mtoto wetu sote wawili, na hakuna atakayefukuzwa nyumbani wala kupelekwa kijijini kwa hasira. Mume akiambiwa siku ile ile ya matokeo, moto umeshawaka.

Pili, siku ya matokeo tufunge midomo na tufungue mlango. Mtoto apewe chakula, aketi na wenzake, asiachwe peke yake. Akinyamaza siku nyingi, akikataa kula, akigawa vitu vyake au akisema ni bora asingezaliwa, tusiseme anadeka. Tumwulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunampa nafasi ya kulitoa. Dawa na sumu ya panya zifungiwe mbali, naye apelekwe hospitali. Ipo pia Simu ya Mtoto, namba 116, isiyo na malipo.

Tatu, hasira zikishapoa, tuyasome matokeo somo kwa somo tukiwa pamoja na mtoto. Alishika wapi, aliteleza wapi? Mwenye C ya Baiolojia katikati ya F nyingi ana kitu cha kuanzia. Apimwe macho, masikio na damu.

Nne, tumtafutie njia bila kuifanya adhabu. Anaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anaweza kwenda chuo cha VETA, kama kile cha Chang'ombe, Temeke, au chuo cha maendeleo ya wananchi. Lakini tusimwambie, "Umeshindwa shule, nenda kwenye ufundi." Mtoto akiingia kwenye karakana akiamini ametupwa jalalani, hata nyundo ataishika kinyonge. Tumwulize anapenda nini, kisha tumpeleke kwa heshima ile ile ambayo tungempeleka kidato cha tano.

Na mwisho ni la kanisani. Matokeo yakitoka, waliofaulu huitwa mbele, tukapiga vigelegele na kuwaombea. Ni vizuri, shukrani ni lazima. Lakini aliyepata sifuri amekaa benchi la nyuma akitazama viatu vyake, au hakuja kabisa. Akina mama wa vikundi vyetu wanaweza kumfuata huyo nyumbani Jumapili hiyo hiyo mchana. Wasiende na mahubiri. Waketi naye, waulize habari zake, wamwombee kwa jina lake, na wiki ijayo warudi tena na fomu ya chuo mkononi. Hata mama yake, ambaye huenda ameambiwa maneno makali usiku kucha, atapata pumzi.

Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mtihani wa Novemba hupima ubawa mmoja, kwa siku chache, kwa kanuni ambazo wanadamu wamezipanga na huzibadilisha. Sisi tunaye mtoto huyu kila siku. Tunajua anavyohesabu chenji ya genge bila kukosea, anavyomtuliza mdogo wake analia, anavyokumbuka njia aliyopita mara moja. Tumwambie mambo hayo kwa sauti, na tumwambie kabla ya Januari. Mwenyezi Mungu aliyetukabidhi watoto hawa atupe macho ya kuwaona na ulimi wa kuwajenga. Amina.