JUA LA KASULU HALINA ADABU, LAKINI TUNALIHITAJI

MPENZI msomaji, kama wewe ni mtoto wa mjini unayedhani jua kali ni lile la Kariakoo saa saba mchana, unasubiri daladala huku jasho linakutiririka mgongoni, pole sana. Hujafika Kibondo.

Jua la Dar lina kelele. Linakuchoma, linakutoa jasho, unajua kabisa kwamba uko juani. Jua la Kibondo ni la kimya kimya. Upepo unapuliza, hewa ya milimani imetulia, asubuhi unavaa sweta na chai ya tangawizi mkononi. Unajiona uko poa tu. Jioni unajitazama kwenye kioo, pua inameta kama sufuria jipya na midomo imepasuka.

Safari yenyewe haikuwa ya kutanua. Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, ameolewa Kibondo. Mtoto wake wa pili alizaliwa na ualbino. Sasa anakaribia miaka miwili, anatembea, anacheka na kila mtu. Dada akanipigia simu: "Kaka, nisaidie kofia na mafuta ya jua huko mjini. Halafu uje mwenyewe, nina jambo linanisumbua."

Basi mjomba mtu nikaingia Kariakoo. Kofia pana nilipata, nguo za mikono mirefu nilipata. Mafuta nikauziwa chupa nzuri yenye picha ya jua na msichana anayecheka. Muuzaji akaapa kwa jina la mama yake kwamba ndiyo yenyewe. Nikalipa, nikaondoka kifua mbele.

NJIANI

Ukitoka Dar kwa basi unaipita Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, unafika Nyakanazi, halafu unashuka Kakonko hadi Kibondo. Ni safari ya kukomaza makalio. Kwa miaka mingi kipande cha Nyakanazi kwenda Kasulu kilikuwa ni vumbi jekundu tupu, abiria mlikuwa mnashuka wote mnafanana rangi, mzungu na Mha.

Ukishapanda ile miinuko unaanza kuona migomba, mihogo, maharage na mizinga ya nyuki juu ya miti. Kasulu iko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na Kibondo nayo iko huko huko juu. Ndiyo maana kuna ubaridi, na ndiyo maana jua lake ni hatari zaidi.

Siri ni hii. Kinachounguza ngozi si joto. Ni miale isiyoonekana kwa macho, wataalamu wanaiita urujuanimno. Kila ukipanda mita 1,000, hewa inapungua na miale hiyo inaongezeka kwa karibu asilimia 10. Ongeza kwamba Kibondo na Kasulu ziko kama digrii 4 tu kusini mwa Ikweta, jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, karibu Machi na Oktoba. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha miale hiyo. Kuanzia 3 unashauriwa kujikinga, na kuanzia 11 ni kiwango cha juu kabisa cha hatari. Mchana wa kawaida huku unafika 11 na kuvuka. Wingu jepesi nalo lisikuzuge, miale inapenya.

SWALI LA DADA

Nilipofika, nikaamkiana na mama mkwe wake, shikamoo marahaba, ugali wa muhogo ukaletwa na migebuka iliyopikwa kwa mawese. Acha bwana, mgebuka wa Ziwa Tanganyika si mchezo. Baada ya kula dada akaniita pembeni.

"Kaka, mimi nachanganyikiwa. Wakati namzaa huyu wa kwanza, kliniki waliniambia nimuanike juani asubuhi mifupa ikomae. Huyu wa pili jirani zangu wanasema asione jua hata dakika moja, ataoza ngozi. Sasa nimemfungia ndani miezi. Naogopa jua, na naogopa watu. Lakini je, akipata matege?"

Sikuwa na jibu. Nikatoa zawadi zangu ili nibadilishe mazungumzo. Dada aliposoma ile chupa ya mafuta, akanitazama kwa huruma. Ilikuwa losheni ya kung'arisha ngozi! Mimi mtoto wa mjini, msomi wa kujiamini, nimembebea mkorogo mtoto mwenye ualbino kutoka Dar mpaka Kibondo. Aibu niliyoipata hata sitaki kuikumbuka.

Tukakubaliana kesho yake twende Kasulu.

Mpenzi msomaji, hofu ya dada kwa watu haikuwa ya kufikirika. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, watu wenye ualbino walianza kuwindwa hapa nchini, hasa Kanda ya Ziwa na mikoa jirani, kwa sababu ya imani za kishirikina. Takwimu za Umoja wa Mataifa zinataja zaidi ya 70 waliouawa tangu mwaka 2000. Mwaka 2008 watoto na hata watu wazima walianza kukimbizwa kwenye vituo vya kuwalinda, na kimojawapo kilikuwa Kabanga, jirani na mji wa Kasulu, kwenye shule ya msingi ya watoto wenye mahitaji maalumu.

SOMO LA KIVULI

Njiani kwenda Kasulu tulipita Makere, upande wa kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, kisha mwaka 2015 ikapokea maelfu ya Warundi. Akina mama wanatembea barabarani na vitenge vichwani. Hao hawajahudhuria semina yoyote ya ngozi, ila wanajua jua ni nini.

Mjini Kasulu tulipelekwa kwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyewahi kufundisha Kabanga. Alimpokea mtoto, akampakata kivulini, hakumshangaa hata kidogo. Dada akaanza kulia hapo hapo. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumshika mwanawe bila kwanza kumkagua.

Mzee akaanza: "Mwanangu, kwanza acha kujilaumu. Ualbino unatoka kwa wazazi wote wawili, mama na baba. Kila mmoja anabeba chembe yake bila kujua. Zikikutana, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4. Mwambie na mumeo."

Hapa kwetu, inakadiriwa mtu 1 kati ya 1,400 hivi anazaliwa na ualbino. Ulaya na Marekani ya Kaskazini ni 1 kati ya 17,000 hadi 20,000. Kwa hiyo hili ni jambo letu, si la kusimuliwa.

Mzee akasimama katikati ya uwanja. "Ona kivuli changu. Kikiwa kirefu kuliko mimi, jua ni la upole. Kikiwa kifupi kuliko mimi, mtoto aingie chini ya mti. Huhitaji saa."

Nikaangalia saa yangu, nikagundua kitu. Sisi wote Tanzania tunatumia saa moja, lakini Kigoma iko mbali magharibi. Dar jua linafika katikati saa sita na nusu hivi, huku linafika karibu saa saba kamili. Kwa hiyo kile kivuli kinakuwa kifupi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Ukija na mazoea ya Dar, saa tisa na nusu unatoka nje ukidhani jua limeshapoa, kumbe bado linang'ata. Mzee anasema watoto wake walikuwa wanacheza mpira saa kumi na moja. Giza nalo huku linachelewa, muda wa kucheza ulikuwepo tele.

Halafu swali la mifupa. Nilichokipata kwa mzee, na baadaye kwa daktari wa ngozi, ni hiki. Mwili unatengeneza vitamini D pale jua linapogusa ngozi, na vitamini hiyo ndiyo inayosaidia chokaa ya chakula iingie kwenye mifupa. Rangi nyeusi ya ngozi ni kama pazia, inazuia kuungua lakini pia inapunguza kasi ya kutengeneza vitamini. Mtoto mwenye ualbino hana pazia. Anaungua haraka, lakini pia vitamini D anaitengeneza haraka. Dakika chache za asubuhi au jioni, kivuli kikiwa kirefu, kofia kichwani, zinamtosha. Hakuna haja ya kumuanika kama dagaa, na hakuna haja ya kumfungia kama mfungwa.

Na dagaa wenyewe ni dawa! Dagaa wa Kigoma, migebuka, mayai na maini vina vitamini D. Kigoma mzima una duka la dawa ziwani.

Tulimpeleka mtoto akapimwa. Miguu imenyooka, mifupa safi. Dada akashusha pumzi ya miezi.

Jambo moja mzee alilisema kwa uchungu. Mtoto mwenye ualbino akikua bila kinga, anaambiwa akalime kama wenzake, akauze karanga barabarani kama wenzake. Uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1985 ulionyesha ngozi inaanza kuharibika tangu utotoni. Saratani ya ngozi inakuja ujanani, wakati mtu anaanza maisha. Inaanza na kidonda kidogo kwenye sikio au shavu kisichopona. Kikiwahiwa, kinatolewa na mtu anaendelea na maisha. Kikichelewa, ni Ocean Road, na mara nyingine hata huko ni kuchelewa. Mzee amewazika wanafunzi wake kadhaa, na hao hawakuuawa na mapanga.

Mafuta ya kweli yapo. Kule KCMC Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, wanatengeneza mafuta yanayoitwa Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, yanagawiwa kupitia kliniki. Ukinunua dukani, tafuta herufi SPF na namba 30 au zaidi. Namba 30 inazuia karibu asilimia 97 ya miale inayounguza, ila lazima urudie kupaka kila baada ya saa mbili. Bila herufi hizo, umenunua manukato.

NA WEWE SISTADUU?

Najua umeshaanza kusema, "Haya ya ualbino, mimi yananihusu nini?" Ngoja kidogo.

Wewe unayejipaka mkorogo uwe mweupe kama chungwa. Mungu amekupa pazia la bure, unalichana kwa hela yako. Mkorogo wenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi unapunguza ile rangi inayokukinga, ngozi inakuwa nyembamba, jua linakubabua usoni, mabaka yanakuja. Zebaki inaingia hadi kwenye figo. Mtoto wa dada yangu angepewa rangi yako angeshukuru, wewe unaifuta na sabuni.

Na wewe bishoo wa ofisini, kiyoyozi asubuhi, gari la vioo vyeusi jioni, jua unalionea dirishani. Miale inayotengeneza vitamini D haipiti kwenye kioo. Watafiti waliwapima Wamasai na Wahadzabe wa hapa hapa Tanzania, matokeo yakachapishwa mwaka 2012, wakakuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita moja ya damu. Hicho ni kiwango ambacho watu wengi wa Ulaya hawakifikii. Hawakunywa kidonge. Walitembea. Wewe tembea robo saa au nusu saa mikono wazi mara kadhaa kwa wiki, inatosha. Vidonge usimeze kiholela, vikizidi vina madhara, wakati jua peke yake halizidishi vitamini.

Usidhani pia ngozi nyeusi haipati saratani. Ni nadra, lakini ipo, na inapenda nyayo, chini ya kucha na kwenye makovu ya zamani ya moto. Bob Marley alifariki Mei 11, 1981 akiwa na miaka 36 tu, kwa saratani iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Ukiona doa jeusi linalokua unyayoni, nenda kaonyeshe.

Nilirudi Dar nikiwa nimebabuka pua. Ile losheni niliimwaga kwenye choo cha shimo pale Kibondo, chupa nikarudi nayo, iko mezani kwangu kama kumbukumbu ya ujinga.

Wiki iliyopita dada kapiga simu. Nyuma nasikia kelele za watoto.

"Uko wapi?" nikamuuliza.

"Uani. Saa kumi na moja unusu sasa. Mjomba, hebu msikilize mwanao."

Kofia imemfunika hadi macho, anasema dada, na anakimbiza kuku. Majirani wanatazama. Waache watazame.

Tukutane wiki ijayo.