Mizani ya Mzee Wetu

Maradhi ya kutetemeka ambayo tabibu Mwingereza James Parkinson aliyaeleza mwaka 1817 hayajapata dawa ya kuyaondoa. Zipo tiba za kuyatuliza tu, na kila moja ina gharama yake, ambayo si lazima iwe ya fedha. Hayo tumeyajua hapa Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, tukimuuguza mzee wetu aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili huko Kongo kabla ya vita kututawanya.

Miaka ya mwanzo vidonge vya levodopa vilimfaa mno. Sasa ugonjwa umekomaa. Nguvu ya kidonge huisha baada ya saa mbili tatu, naye hukakamaa kama gogo. Akiongezewa dawa, viungo hucheza vyenyewe, mabega huku, kichwa kule. Mwandiko wake, uliokuwa ukipigiwa mfano, umekuwa mdogo kama nyayo za sisimizi. Sauti nayo imefifia.

Jamaa walioko ng'ambo walituandikia habari za upasuaji wa kutia nyaya ubongoni, ambao Benabid na wenzake waliuendeleza huko Grenoble, Ufaransa, tangu mwaka 1987. Walikuwa tayari kuchanga. Tulimwuliza daktari mjini Lilongwe, naye hakutuficha neno. Upasuaji huo hupunguza mtetemo na ukakamavu, na huongeza saa njema za mchana. Lakini ugonjwa haukomi. Betri itiwayo kifuani huisha na kubadilishwa. Mabingwa wa kuurekebisha mtambo hawana budi kuwa karibu. Tena, usemi aghalabu haunufaiki, na pengine huzidi kuharibika. Hapo mzee akasema kwa taabu: "Mkono usiotulia nitauvumilia. Ulimi wangu siuweki rehani."

Mpwa wake mmoja aliudhika, akadhani tunamnyima mzee uhai kwa ubahili. Tulimjibu kwamba fedha zile zina kazi nyingine. Lilongwe si mbali, kilomita zisizozidi 50, ila mkimbizi huhitaji kibali cha kutoka kambini, kisha nauli, kisha bahati ya kuvikuta vidonge dukani. Kuikatiza dawa hii ghafla ni hatari, maana huweza kuleta homa kali na ukakamavu wa kuua. Akiba ya miezi mitatu kabatini ina thamani kwetu kuliko mtambo tusioweza kuutunza.

Jirani yetu Mmalawi alitutajia kalongonda, jamii ya upupu. Mbegu zake zina levodopa hiyo hiyo, na wenyeji huzichemsha na kumwaga maji mara kadhaa kabla ya kuzila. (Nani kati yetu walimu alipata kuutaja upupu pasipo kutaja mwasho?) Hata hivyo, kiasi cha dawa mbeguni hakipimiki nyumbani, nasi hatukuthubutu kukichanganya na vidonge.

Jambo gumu zaidi lilikuwa maharage. Ndiyo kitoweo chetu, lakini protini yake huizuia dawa isifike ubongoni ipasavyo. Mzee ameamua kuyala usiku tu, ili asubuhi iwe yake. Usiku huo hulipiwa: hukakamaa, nasi huamka kwa zamu kumgeuza kitandani. Kulipokucha humeza kidonge, na hadi saa nne hivi huwafundisha watoto wa jirani ngeli za nomino, mwili ukimcheza. Watoto wamekwisha kuzoea. Humsogelea tu ili wamsikie.