Ulimi wa Jaji

Wahenga walituusia kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Wosia huo majaji wameshikizwa kuliko watu wengine. Hata hivyo, mwanazuoni wa sheria anayechunguza uhuru wa jaji kutoa maoni hakawii kukutana na swali zito: je, kimya cha jaji hakina mpaka?

Chukua, ndugu msomaji, mkasa wa András Baka wa Hungaria. Bwana huyu alikuwa jaji wa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kule Strasbourg, kwa miaka 17. Mwaka 2009 Bunge la nchi yake lilimchagua kuwa Rais wa Mahakama ya Juu kwa miaka sita. Serikali ilipotaka kuwastaafisha majaji wakiwa na umri wa miaka 62 badala ya 70, Baka hakunyamaza. Aliandika barua, na mwaka 2011 akasimama bungeni akapinga waziwazi mageuzi ya mahakama. Tarehe 1 Januari 2012 urais wake ukakomeshwa. Sheria mpya ilitaka rais wa mahakama awe amefanya kazi ya ujaji nchini Hungaria kwa miaka mitano. Ile 17 ya Strasbourg haikuhesabiwa.

Baka alipeleka shauri lake Strasbourg. Juni 2016, kwa kura 15 dhidi ya 2, mahakama iliamua kwamba uhuru wake wa kusema ulivunjwa. Tena, kwa cheo chake, kuyasema yale ilikuwa ni wajibu. Lakini muhula wake ulikuwa umekwisha tangu mwaka uliotangulia. Alipewa fidia, kiti hakurudishiwa.

Mimi si mwanasheria. Katika chuo cha ualimu niliwaambia vijana: usitangaze alama za mwanafunzi kabla hujasoma karatasi yake, bali ukiona mtihani wenyewe una kasoro, sema, maana wewe ndiwe unayeujua. Jaji naye ni vivyo hivyo. Juu ya kesi iliyo mbele yake, na afunge kinywa mpaka siku ya hukumu. Juu ya mahakama kupokonywa uhuru wake, akinyamaza yeye, nani atatueleza? Mkulima aliyedhulumiwa shamba hajui umri wa jaji kustaafu. Atajua siku atakapoingia mahakamani na kumkuta jaji mwenye hofu.