Uwanja Huu ni wa Nani?

Barua ya kwanza niliyoiandikia serikali kwa niaba ya klabu yetu ilipigwa taipu mwaka 1996, katika kibanda nyuma ya stendi ya matatu, karatasi moja na kaboni mbili. Nilikuwa katibu mpya, kijana wa miaka 23. Mwenyekiti wetu, mzee aliyestaafu kazi ya bandari ya Mombasa, alisimama nyuma ya mpiga taipu kuhakikisha salamu ni ndefu. "Mwanangu, mkubwa haombwi hivi hivi," aliniambia. Chini ya salamu tukaweka MINT: OMBI LA MSAADA WA UWANJA, nami nikapiga mstari kwa rula.

Uwanja wenyewe ulikuwa na magoli ya boriti za mikoko na mistari ya chokaa iliyofutika kila mvua iliponyesha. Upande wa mashariki matumbawe yalichomoza ardhini, na winga yeyote mwenye akili alikata ndani kabla ya kufika huko. Jezi zilibadilishwa chini ya mkwaju. Choo tuliazima msikitini, na imamu alikuwa mvumilivu kuliko tulivyostahili. Tuliomba chumba, choo na bomba la maji. Basi.

Jibu halikuja, wala hatukulitarajia. Zama hizo barua ilikuwa ya kubisha hodi tu, pesa zilikuwa kwenye harambee. Tukachapisha kadi, tukakodi viti na turubai, kina mama wakapika pilau. Mgeni wa heshima aliyetarajiwa saa nne asubuhi akafika saa tisa alasiri, akatoa noti chache mkononi na ahadi kubwa mdomoni, akapigiwa vigelegele. Kwa fedha taslimu tulinunua nyavu na mifuko kadhaa ya saruji. Saruji ile iliganda stoo kwa mwenyekiti tukiisubiri ahadi, na mpaka leo mfuko mmoja uliogeuka jiwe ni kigoda nje ya nyumba yake.

Mwaka 2003 mambo mawili yalitokea. Sheria ya maadili ya maafisa wa umma iliwabana wakubwa kuhusu harambee, na bunge likaunda hazina ya maendeleo ya maeneobunge, ile kila mtu anayoiita CDF. Angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali iligawiwa maeneobunge, na wananchi wakaambiwa wakae vikao vya lokesheni wataje miradi yao. Nilifurahi mno. Nilidhani siku za kumngoja mgeni wa heshima zimekwisha.

Kikao cha kwanza nilisimama na karatasi zangu, nikaeleza habari za chumba cha wachezaji na choo. Mama mmoja aliyekaa kwenye mkeka hakuniacha nimalize. "Nyinyi mwataka choo cha kuchezea mpira, sisi twazaa njiani." Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, maana ilikuwa kweli. Nikakaa. Zahanati iliandikwa ya kwanza, nami mwenyewe niliinyoshea mkono.

Kikao kilichofuata tulikwenda kwa namna nyingine. Hatukulitaja jina la klabu hata mara moja. Tulisema watoto wa shule ya msingi wanafanyia michezo yao pale, swala ya Idi inaswaliwa pale, baraza la chifu linakaa pale. Yote yalikuwa kweli, ila sisi wenyewe hatukuwahi kuyahesabu. Mradi ukapita. Mipira na jezi tulizipata kwa urahisi, kwa kuwa hazina ilikuja kuruhusu sehemu ndogo ya mgao itumike kwa michezo, mradi isiwe zawadi ya pesa. Jengo ndilo lililokwama, kwenye swali moja la fomu: mmiliki wa ardhi ni nani?

Nikaandika jina la klabu. Fomu ikarudi.

Nilikwenda ofisi ya ardhi mara nyingi kuliko nilivyokwenda kwa wakwe zangu. Mwisho karani mmoja alinionyesha ramani: uwanja ni ardhi ya umma, chini ya baraza la mji. Wakati huo ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilikuwa imeeleza jinsi ardhi za umma zilivyogawiwa watu binafsi nchi nzima, na kwetu, kwenye pembe ile ile ya matumbawe, vigingi vya mpaka vilikuwa vimechomekwa usiku na mtu tusiyemjua. Tukisema uwanja ni wetu, hatuna hati na pesa hatupati. Tukisema ni wa umma, vigingi vile vinapata adui mwenye nguvu kuliko sisi, lakini na sisi tunakuwa wageni. Mzee alikasirika kikao kizima. "Nimefyeka hapa tangu 1971," alisema. "Umma ulikuwa wapi?" Hakuna aliyemjibu. Alitia sahihi akiwa wa mwisho.

Vigingi viling'olewa. Pesa hazikuja, kwani fomu ilikuwa bado inazunguka katiba mpya ilipopita mwaka 2010. Jedwali lake la Nne liliweka viwanja na huduma za michezo chini ya kaunti, na kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 tukaambiwa tuanze upya huko. Mwaka huo huo Sheria ya Michezo ilitaka klabu zisajiliwe na Msajili wa Michezo, ziwe na katiba na uchaguzi. Uchaguzi! Mzee hakuwahi kupigiwa kura maishani. Alishinda, lakini wiki nzima hakusema na wanne waliomnyima kura, maana sanduku lilikuwa la kadibodi na aliwajua wote.

Kwa kaunti nilijifunza kalenda. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na kisichokuwamo kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka hakipati shilingi hata mwakilishi wadi akiwa shemeji yako. Kwa hiyo tulihudhuria kila kikao cha ushirikishaji wa umma, tukikaa mstari wa mbele na makadirio ya mhandisi mkononi, hadi wakatuzoea. Kuta zilisimama mwaka 2019. Paa lilichelewa miezi sita.

Leo kuna vyumba viwili, vyoo vinne na bomba. Ubaoni yameandikwa majina ya kaunti, ya mradi na ya mkandarasi. Letu halimo. Mzee alipopelekwa kuona, aliuliza kwa nini mlango umeelekea barabarani badala ya mkwajuni. Nikamwambia ni kwa ajili ya wanaotoka nje. Akaenda kunawa uso bombani, akafunga maji kwa nguvu mara mbili, akasema pipa la kukingia linahitajika.

Mwezi uliopita nilipeleka barua ya kuomba uwanja kwa mechi ya Jumamosi. Asubuhi ilikuwa imeshachukuliwa na timu ya wasichana wa mtaa wa pili. Msimamizi, kijana mwenye adabu, akafungua daftari kwenye ukurasa wa alasiri.

"Shikamoo mzee. Klabu gani?"

Nikamtajia. Hakulisikia vizuri, nikamtajia herufi moja moja.