Baadhi ya Washiriki

Alikuja ofisini siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, wakati ambao chumba chetu cha habari huwa kimepoa baada ya heka heka za toleo la Jumapili. Alikuwa mama wa makamo, amejitanda khanga, na mkononi ameshika kifurushi cha kitambaa. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akaketi. Kisha akakifungua kifurushi chake polepole juu ya meza yangu. Ndani yake mlikuwa na vitu viwili tu: medali ya kumaliza mbio, na karatasi ngumu ya namba, ile ambayo wakimbiaji huivaa kifuani, ingali na pini zake nne pembeni. Namba yenyewe ilikuwa 1846.

"Mwanangu," akasema, "nimeambiwa kuwa ni wewe uliyekwenda Moshi kupiga picha za mbio. Kijana wangu alikimbia siku ile. Nakuomba unitafutie sura yake."

Kijana huyo alikuwa mfanyakazi wa kiwandani hapa Dar es Salaam. Yeye na wenzake wa zamu moja walichangishana nauli wakaenda kukimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon. Miezi saba baadaye aliugua, akafariki dunia. Simu yake, iliyokuwa na picha zake zote, ilikuwa imeharibika isiwake tena. Picha pekee iliyobaki nyumbani ilikuwa ile ya kitambulisho cha kazi, ambayo mtu huwa amekodoa macho kama aliyeshitakiwa. "Mwanangu alikuwa mcheshi," mama yake akaniambia. "Sitaki wadogo zake wamkumbuke kwa sura hii."

Ndugu msomaji, sina budi kukiri jambo ambalo sisi wa kazi hii hatupendi kulikiri. Nilirudi kutoka Moshi na picha zaidi ya 2,000. Gazeti lilitumia mbili. Ya kwanza ilimwonyesha mshindi akipokea zawadi, na chini yake tuliandika jina la mshindi, jina la mgeni rasmi, na cheo cha mgeni rasmi kwa ukamilifu. Ya pili ilionyesha umati wa watu wakimiminika kwenye mstari wa mwisho, na chini yake niliandika kwa mkono wangu mwenyewe maneno matatu: "Baadhi ya washiriki". Picha nyingine zote nilizihifadhi katika kompyuta chini ya tarehe ya siku ile, basi. Hapakuwa na namba wala jina. Nilikuwa nimeweka akiba ya nyuso za watu 2,000 kama mtu amwagaye mchele na mchanga katika gunia moja.

Mbio zile za Moshi, zilizoanza mwaka 2003, hufanyika kila mwaka kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi. Zipo kilomita 42 kwa wenye mapafu ya chuma, kilomita 21, na kilomita 5 ambazo familia nzima huzikimbia, baba, mama na watoto, wengine kwa kutembea na kuzungumza. Wako wanaotafuta ushindi, lakini wengi mno hawatafuti ushindi. Wanatafuta kumaliza. Na mtu aliyemaliza angependa paweko na ushahidi kwamba siku moja alimaliza.

Usiku ule ule nilianza kutafuta. Nilidhani kazi ingekuwa rahisi, kwa kuwa namba ninayo. Lakini namba ya mkimbiaji si kibao cha gari. Mkono unapopunga huifunika. Jirani anapopita mbele huificha. Wengine huibandika kwenye kaptura, wengine huvaa sweta juu yake kwa ajili ya baridi ya alfajiri ya Moshi, na wengine hujimwagia maji njiani hata karatasi ikakunjamana. Hapo 3 hugeuka 8, na 1 hugeuka 7.

Usiku wa pili nikaona picha ya kijana mwembamba, fulana ya kijani, namba yake imekunjika kwa maji. Nilisoma 1, nikasoma 8, nikasoma 4, na tarakimu ya mwisho nikaiona kuwa ni 6. Moyo ulinienda mbio. Sikuchunguza zaidi, kwa sababu sikuwa tena mtu anayetafuta, nilikuwa mtu anayetaka kuwa amepata. Nikaisafisha picha ile kwa ukubwa wa kutundikwa ukutani, nikaitia fremu kwa fedha zangu mwenyewe, nikampigia mama simu.

Alikuja siku hiyo hiyo. Aliishika picha kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama nikingoja shukrani. Akairudisha mezani kwa upole, kama mtu arudishaye kitu cha wenyewe.

"Mwanangu," akasema, "huyu si yeye. Huyu naye ana mama yake."

Sijapata kuona aibu kama ile katika miaka yangu ya kazi. Nilipoikuza picha vizuri niliona kuwa tarakimu ile ya mwisho ilikuwa 8. Kwa haraka yangu nilikuwa karibu kumtundika mtu aliye hai katika nyumba ya msiba.

Ndipo nikaanza upya, safari hii kwa utaratibu. Katika mbio nyingi za siku hizi, mkimbiaji hubeba kidude kidogo kiitwacho chipu, kilichobandikwa nyuma ya namba yake au kufungwa kiatuni. Akikanyaga mkeka uliotandikwa kwenye mstari wa mwisho, chipu husomwa na muda wake huandikwa. Kwa hiyo orodha ya matokeo ilijua jambo ambalo mimi sikulijua: namba 1846 alimaliza kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 40. Kamera nayo huandika saa ya kila picha. Laiti ningekuwa nimeilinganisha saa ya kamera yangu na saa ya mbio kabla ya kuanza, kazi ingekuwa imekwisha. Sikufanya hivyo.

Hata hivyo, Mungu si Athumani. Katika picha moja ilionekana ile saa kubwa iliyotundikwa juu ya mstari wa mwisho. Niliilinganisha na saa iliyoandikwa na kamera, nikagundua kuwa kamera yangu ilikuwa nyuma kwa dakika 9. Nikajumlisha, nikatoa, nikatenga picha zote zilizopigwa dakika mbili kabla na dakika mbili baada ya wakati ule. Kutoka picha 2,000 nikabakiwa na 31.

Safari hii sikuchagua mimi. Nilimwita mama, nikampa kiti mbele ya kompyuta, nikawa nazipitisha picha moja moja. Alipofika ya kumi na tisa aliweka kidole kwenye kioo. Pembeni kabisa, nusu amefichwa na bwana mmoja mnene, alikuwako kijana ambaye namba yake haikuonekana hata tarakimu moja. Alikuwa amegeuza shingo kumtazama mwenzake, kinywa wazi, anacheka.

"Umemjuaje, mama?"

"Tazama kamba za viatu. Moja nyeupe, moja nyekundu. Nyeupe ya pili ilikatika usiku wa kuamkia safari, nikamfungia nyekundu niliyoichomoa kwenye kiatu cha mdogo wake."

Nikafungua picha iliyofuata. Bwana mnene alikuwa amesogea kidogo, na ukingo wa karatasi ya namba ukachungulia: 46. Hapo ndipo nilipothubutu kusema kuwa tumempata.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri sana juu ya kazi hii ya kuwatambua watu pichani, ambayo wengi huidharau wakiiona kuwa ni ya ukarani tu. Nimejifunza kwamba inahitaji mashahidi watatu. Wa kwanza ni namba, wa pili ni wakati, na wa tatu ni mtu anayemjua mhusika. Shahidi mmoja akisema peke yake, yawezekana anakosea. Wawili wakiafikiana, andika kwa penseli. Watatu wakiafikiana, andika kwa wino.

Picha zimekwisha kuamua mambo mazito katika michezo. Mwaka 1980 huko Boston, Marekani, mwanamke aitwaye Rosie Ruiz alitangazwa kuwa mshindi wa marathoni kwa upande wa wanawake. Watu wakaanza kuuliza maswali, na picha za njiani zilipopekuliwa hakuonekana pale alipopaswa kuwa akiongoza. Wapo walioshuhudia akitoka miongoni mwa watazamaji karibu na mwisho. Siku chache baadaye alinyang'anywa ushindi, akapewa aliyestahili, Jacqueline Gareau wa Kanada. Na sisi Watanzania tunayo ya kwetu. Tarehe 15 Septemba 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu alifika kwenye mstari wa mwisho wa marathoni ya dunia sambamba na Amanal Petros wa Ujerumani. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Jicho la mwanadamu lisingeweza kuwatenganisha. Kamera ya mstari wa mwisho ndiyo iliyosema kwamba kifua cha Simbu kilitangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo.

Lakini mimi humfikiria zaidi John Stephen Akhwari. Katika Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968 watu 75 walianza marathoni, 57 wakamaliza, naye akawa wa 57. Alikuwa ameanguka njiani akaumia goti, akaingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Kwa hesabu ya medali hakuwa na lolote. Lakini kamera zilikuwako, na waliokuwako walimwandika kwa jina na kwa nchi yake. Lau picha ile ingeandikwa "mmoja wa washiriki", leo tungemtaja nani tunapowafundisha watoto wetu uvumilivu?

Siku hizi ziko programu za kompyuta zinazosoma namba za vifuani zenyewe, na nyingine zinazotambua sura. Picha elfu nyingi hupangwa kwa muda mfupi, na mkimbiaji huandika namba yake akaletewa picha zake. Ni msaada mkubwa, wala sitaki kuwa kama mzee anayelaani baiskeli kwa kuwa yeye alitembea kwa miguu. Lakini mashine nayo hukosea 6 na 8 kama nilivyokosea mimi, tena hukosea bila kuona haya. Na liko jambo jingine. Si kila aliye pichani anataka kupatikana. Mwanamke anayejificha na mume mkatili hapendi ijulikane kuwa Jumapili fulani alikuwa mji fulani. Mtoto wa mbio za kilomita 5 hakuulizwa kama sura yake iwekwe hadharani. Nchi yetu ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na sura ya mtu ni mali yake kama lilivyo jina lake. Kumtambua mtu ili umpe picha yake ni heshima. Kumtambua ili umwanike ni jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wetu, hasa vyama vya wafanyakazi, shule na vilabu vya mitaani vinavyoandaa mbio na matembezi, wazingatie mambo haya madogo. Linganisheni saa ya kamera na saa ya mbio kabla ya kuanza. Waambieni washiriki waibandike namba mbele, kwa pini nne, isifunikwe. Hifadhini orodha ya majina mahali pamoja na picha, lakini chini ya ufunguo wa mtu mwaminifu. Mkiombwa picha, hakikisheni anayeomba ni mwenyewe au wa kwake. Na nyumbani, kila mnaposafisha picha, andikeni nyuma yake jina, mahali na mwaka, wakati wanaojua wangali hai.

Picha ya kijana yule nimeiandika nyuma kwa wino, kama mama yake alivyonitajia: jina la kijana, jina la baba yake, kiwanda chake, mbio, na namba 1846. Imetundikwa sebuleni kwao, na picha ya kitambulisho imerudi sandukuni.

Ile nyingine, ya kijana wa fulana ya kijani, ilibaki mezani kwangu ndani ya fremu yake, ikinitazama. Hatimaye niliwaomba waandaaji wamfikishie ujumbe mwenye namba 1848. Hawakunipa simu yake, na walifanya vyema. Baada ya majuma matatu alikuja mwenyewe, kijana mchangamfu, akaipokea picha, akaicheka, akaniuliza gharama. Nikamwambia ilikwisha kulipwa.

"Lakini, kaka," akaniuliza akiwa mlangoni, "nani alikwambia unitafute?"

"Mama mmoja," nikamjibu. "Aliniambia kuwa wewe nawe una mama yako."