Siyo kila ugonjwa mrefu ni karuho



Juma lililopita, tulipomaliza kuhesabu feza za likelemba, mama mmoja alitueleza habari za jirani yake. Mikono ya jirani huyo imekosa nguvu, hawezi tena kuinua ndoo ya maji, na uso umekuwa mweusi kuzunguka macho. Kisha akashusha sauti: "Ni karuho. Na mwenye kumtilia anajulikana." Wengi tukatikisa kichwa. Mimi nilinyamaza, nikarudi nyumbani, na usiku ule sikupata usingizi. Nilipaswa kusema neno na sikulisema. Ndiyo sababu ninaliandika leo.

Miaka sita iliyopita, mwenye kushusha sauti na kutaja jina nilikuwa mimi.

Yaya yangu, Mama Neema, alikuwa anauza unga wa muhogo pale soko la Kadutu. Mnaijua Bukavu yetu na vilima vyake. Yaya alikuwa anapandisha mfuko mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akifika juu anaanza kutania watu kabla ya kutua mzigo. Siku moja aliniomba nimsuke. Nikamwambia afungue nywele yeye mwenyewe kwanza. Akainua mikono mpaka kwenye mabega, ikaishia pale. Akacheka, akasema ni uchovu.

Baada ya miezi miwili hakuweza kuinuka kwenye kiti kidogo bila kujisukuma kwa mikono. Kwenda choo ilikuwa shida, lazima mtoto amshike. Kope za macho zikawa nyeusi na kuvimba kidogo, kama mtu aliyepigwa ngumi. Juu ya viungo vya vidole vikatoka vipele vigumu. Majirani wakasema amejichubua kwa mafuta mabaya. Yaya hajawahi kujipaka kitu kingine zaidi ya mafuta ya mawese.

Kwenye kituo cha afya cha kwanza alipewa dawa ya malaria, halafu ya tifoide. Alipoendelea kukonda, walipima damu, wakatuambia vipimo vya ini viko juu. Kwetu, mtu akikonda, akikohoa, na mtu akasema ini limeharibika, hakuna tena swali. Ni sumu. Kinachobaki ni kutafuta aliyeitia.

Nikakumbuka kwamba bibi ya kaka yetu alimletea yaya sombe siku ya matanga ya shangazi. Nikakumbuka pia kwamba walikuwa wamegombana kwa ajili ya mupaka wa parseli. Nikaunganisha mambo hayo mawili. Nikamtaja wifi yangu mbele ya famili nzima. Hakupiga kelele. Alifunga mtoto mgongoni, akashika mwingine mkono, akarudi kwa wazazi wake. Alikaa huko miezi minne.

Sisi tukampeleka yaya kwa mtu anayetoa karuho. Alimpa dawa ya mizizi ili atapike. Lakini wakati huo yaya alikuwa tayari anakwama chakula kooni, hata bugali laini alikuwa anameza kwa maji. Usiku ule matapishi yaliingia njia ya hewa. Tulimbeba kwenye moto, mimi nyuma nikimshikilia, mpaka hospitali kubwa. Nilifikiri ninashika maiti.

Alipopata nafuu kidogo, alikuja munganga wa magonjwa ya ndani, mwanamke wa umri wangu. Hakuuliza yaya anakula na nani. Alisema: "Mama, inua mikono juu ya kichwa. Sasa simama bila kushika kitu." Kisha akamshika vidole, akaviangalia kwenye mwanga wa dirisha, akaangalia kope. Muda wote huo haukuzidi ule wa kumenya muhogo mmoja. Akaomba labo wapime kitu kimoja, kinachoitwa CK, ambacho hutoka kwenye nyama za mwili zinapoumia. Jibu lilikuwa juu mara nyingi kuliko kawaida.

Nikamuuliza juu ya ini. Akanieleza jambo ambalo ningependa kila mama alijue: vile vipimo viwili wanavyoviita transaminazi haviko kwenye ini peke yake, viko pia ndani ya misuli. Misuli ikiharibika, navyo vinapanda, na mtu anafikiri ini linaumwa. Ini la yaya lilikuwa zima.

Ugonjwa wake unaitwa dermatomiozite. Munganga Mjerumani, Heinrich Unverricht, ndiye aliyeupa jina hilo mwaka wa 1891. Askari wa mwili, wale wanaopaswa kutulinda na vidudu, wanageuka na kushambulia misuli na ngozi ya mwenye mwili. Hauambukizi. Hakuna anayeutia kwenye sahani. Unashika wanawake zaidi kuliko wanaume, na watoto pia wanaweza kuupata. Kwa watoto wengine chokaa ngumu hujikusanya chini ya ngozi. Una ndugu zake, kama polimiozite, ambayo hushika misuli bila kuharibu ngozi.

Munganga alisema misuli siyo peke yake ya kuogopewa. Yaya alikuwa anakohoa. Sisi tulisema sumu, wengine wakasema kifua kikuu. Walipima makohozi, hawakuona kifua kikuu. Tulichanga feza, tukavuka Ruzizi kwenda Kigali kumfanyia skanere ya kifua, na ikaonyesha kwamba mapafu nayo yamevimba na kuanza kupata makovu. Watu wengi wenye magonjwa haya hupata shida hiyo, hasa wenye kingamwili fulani kwenye damu. Moja inaitwa Jo-1. Ilijulikana mwaka wa 1980, na jina lake limetokana na jina la mgonjwa ambaye damu yake iliwafungulia waganga njia.

Halafu akataja kansere. Niliacha kusikia kwa dakika nzima. Akatueleza polepole. Waganga wa Sweden, Denmark na Finland walikusanya vitabu vya wagonjwa wa inchi zao tatu, na mwaka wa 2001 wakatoa hesabu: katika watu 618 wenye dermatomiozite, 198 walikuwa na kansere, na kwa 115 kati yao kansere ilionekana baada ya ugonjwa wa misuli kujulikana. Ya mayai ya uzazi, ya mapafu, ya tumbo, na nyingine. Siyo kila mgonjwa, lakini ni wengi kiasi kwamba mtu mzima akipata ugonjwa huu lazima atafutwe kansere, hasa miaka ya kwanza. Yaya alifanyiwa ekografi ya tumbo na ya kizazi, akapimwa maziwa, kila mwaka kwa miaka mitatu. Hawakukuta kitu. Kila mara nilikaa nje ya mlango nikiwa nimefunga chakula.

Dawa ya kwanza ilikuwa vidonge vya kortizoni, halafu metotreksate. Hapa wamama nisikilizeni vizuri, maana vidonge vya jamii ya kortizoni ndivyo wasichana wetu wananunua barabarani ili wanenepe. Vinapunguza nguvu za walinzi wa mwili. Kwa hiyo kabla ya kumpa yaya, walihakikisha hana kifua kikuu kilichojificha, wakampa dawa ya minyoo, kwa sababu kuna mnyoo mmoja wa inchi zetu ambao ukimkuta mtu anatumia kortizoni unaweza kuenea mwili mzima na kumuua. Walipima sukari na tansio. Na walituambia: asiache kwa siku moja hata akijisikia amepona, kwa sababu mwili umezoea na hautengenezi tena yake wenyewe, dawa inashushwa kidogo kidogo, munganga akiangalia. Metotreksate nayo inamezwa mara moja tu kwa juma, siyo kila siku, na mwanamke mwenye mimba haruhusiwi kuigusa.

Siku moja nilimuuliza munganga: "Wanajuaje kwamba dawa hizi ndizo zinazoponya? Hata yule wa mizizi alituonyesha watu aliowaponya." Hakukasirika. Alinieleza juu ya uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2022. Walichukua watu wazima 95 wenye dermatomiozite. Nusu waliwekewa kwenye mshipa dawa iliyotolewa katika damu za watu wengi wenye afya. Nusu nyingine waliwekewa maji yasiyo na dawa hiyo. Wagonjwa hawakujua nani amepata nini, wala waganga waliowapima hawakujua. Baada ya majuma 16, waliopata dawa, 79 kwa kila 100 walikuwa wamepata nafuu. Waliopata maji, 44 kwa kila 100.

"Umesikia hiyo 44?" akaniuliza. "Watu hao wangekunywa mizizi majuma hayo, wangesema mizizi imewaponya." Ugonjwa una siku zake za kupanda na za kushuka, na wengi walikuwa na dawa zao nyingine. Ndiyo maana hawahesabu waliopona tu, wanalinganisha. Yule wa mizizi alituonyesha waliopona. Hakutuonyesha makaburi, na hakutuonyesha ambao wangepona bila yeye.

Dawa ile ya mshipa haikuwa ya mfuko wetu, wala sitawadanganya kwamba yaya aliipata. Lakini jambo lingine lililotoka kwenye uchunguzi halikutugharimu hata franka. Zamani wagonjwa hawa waliambiwa walale, wasichoshe misuli. Pale Stockholm, kwenye chuo cha Karolinska, Helene Alexanderson na Ingrid Lundberg na wenzao waliwapa wagonjwa mazoezi ya kipimo, wakaona kwamba hayaongezi uvimbe, na nguvu inarudi. Basi yaya akaanza: kuinuka kwenye kiti mara tano, kuinua chupa ya maji ya nusu litre, kupanda ngazi tatu. Leo anafika soko kwa miguu yake. Mfuko habebi tena, mapafu hayaruhusu. Anauza sambaza zilizokauka, na bado anatania watu.

Kitu kimoja kilinichoma moyo. Munganga alipotuonyesha kwenye simu picha za ugonjwa huu, mikono yote ilikuwa ya wazungu, na alama zilikuwa nyekundu na za rangi ya zambarau. Kwenye ngozi yetu alama hizo ni nyeusi, kama alama ya kuungua. Akasema ndiyo sababu moja wagonjwa wetu wanapita mbele ya waganga bila kutambuliwa. Akamuomba yaya ruhusa ya kupiga picha kwa ajili ya kufundisha. Alimsomea karatasi kwa Kiswahili: jina halitaandikwa, anaweza kukataa, na akikataa dawa zake hazitabadilika. Yaya aliwaza siku tatu. Halafu akasema: "Mikono yangu ichukue. Uso wangu uache." Munganga akakubali, na kweli alichukua mikono tu. Kwa hiyo mahali fulani mwanafunzi wa uganga anaangalia vidole vilivyopima unga Kadutu. Mimi najivunia jambo hilo zaidi ya yaya mwenyewe.

Sasa nirudi kwa wifi. Nilikwenda kwa wazazi wake na wazee wawili, mbuzi mmoja, na bido ya kasiksi. Nilibeba pia karatasi ya labo, kama vile karatasi ingeweza kusema badala yangu. Nikapiga magoti nikasema: nilikusingizia. Wazee walikunywa. Yeye hakunywa. Alirudi nyumbani kwa ajili ya watoto, na yaya alipokuwa hawezi bado kufua, wifi ndiye alichukua nguo zake bila kuombwa. Ananisalimu vizuri. Lakini nikipakua chakula anasema, "Nimeshiba, wifi." Ni miaka sita sasa anashiba. Simlaumu. Mtu aliyeitwa mtia sumu hawezi tena kukaa kwenye sahani ya watu kwa amani, na mimi ndiye niliyemwondolea amani hiyo.

Wamama, sisemi hakuna watu wabaya duniani. Ninasema tuanze na mwili wa mgonjwa. Anaweza kuchana nywele zake? Anainuka kwenye kiti bila kushika? Anakwama anapomeza? Kope na viungo vya vidole vimebadilika? Anakohoa au kuhema anapopanda kilima? Mkiona mambo hayo, mpelekeni hospitali yenye munganga wa magonjwa ya ndani, muombe wapime CK, na mgonjwa anayekwama kooni msimpe dawa ya kutapisha hata kidogo.

Mama uliyetuambia habari ya jirani yako, kesho asubuhi nitapita kwako na yaya. Yeye atamuomba jirani ainue mikono. Na yule mwanamke ambaye jina lake limeanza kutembea mtaani, tafadhali, mpaka siku hiyo, tusilitaje.